Okidi imefika Arusha imevunjika, na nadhani mimi ndo nimeimalizia

Shikamoo anti wa maua,

Nipo Arusha, Sakina, nakuandikia nimekaa naliangalia hili ua na hasira zimenijaa mpaka kooni. Ni hivi. Mwezi wa tano niliona okidi kwenye simu, muuzaji yuko Dar, ile aina ambayo maua yamekaa kama vipepeo vimejipanga kwenye bua moja, meupe, katikati zambarau, saba yameshafunguka na vitumba vinne bado. Nikalipenda mpaka nikawa naamka usiku naangalia picha. Elfu themanini na tano, na hela ya basi juu yangu. Baba Brayo nimemwambia thelathini na tano, naomba hilo libaki kati yetu.

Basi muuzaji akatuma Alhamisi. Meseji ya konda ikaja usiku nimeshalala, Ijumaa nilikuwa Monduli kikazi, Jumamosi ndo nikaenda ofisi ya mizigo nikakuta boksi langu limelala ubavu chini ya gunia la nazi, kona moja imebonyea kama limepigwa teke. Kufungua, anti, machozi yalinitoka. Chungu kimepasuka, bua limekunjika katikati linaning'inia kwa ngozi tu, maua matano yamepondeka, majani mawili kati ya matano yamepasuka. Halafu ndani ya chungu hakuna udongo! Vipande vya magome tu na vijiwe vyeusi kama mkaa, vimemwagika boksi zima. Nikajua hapa nimepigwa, yaani mtu anakuuzia ua la bei hiyo anashindwa kuweka hata kiganja cha udongo? Nikayatupa huko nyuma kwenye banda la kuku.

Nikampigia, akasema mzigo ukishapanda basi sio wake tena. Nikarudi kwa watu wa basi wakanionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti, eti mzigo wa kuvunjika unasafiri kwa riski ya mwenye mali.

Sa nikaona niliokoe mwenyewe. Nikalihamishia kwenye chungu kikubwa kizuri, udongo mweusi na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kabisa, ile ile inayokuza mchicha wangu. Kuna mizizi miwili ilikuwa imetokeza nje hewani, ya kijivu kama minyoo, inatisha, nikaikata. Nikamwagilia mpaka maji yakatoka chini na naendelea asubuhi na jioni kwa sababu majani yamelegea kama masikio ya mbuzi. Mchana nalitoa juani lipate joto, unajua baridi la huku mwezi wa sita, jioni nalirudisha meza ya chakula pembeni ya kapu la maparachichi na ndizi, panapendeza. Baba Brayo yeye alikuja na vijiti viwili vya mishikaki na selotepu akalifunga lile bua kama mgonjwa wa bodaboda, nikamcheka sana.

Leo siku ya tisa. Vitumba vyote vinne vimedondoka kimoja kimoja, vinakuwa vya njano kwanza. Jani la chini limegeuka njano. La juu lina doa jeupe kubwa kama limeguswa na pasi. Yamebaki maua mawili. Mama mkwe alipita Jumapili akitokea Kibosho, akalitazama akasema "mwanangu, hili mbona umelizika?" Yeye ana vanila kwenye kihamba chake, anasema hili linafanana na vanila, linataka kushika mti sio kuzikwa. Nikaitikia tu, nikaona ni mambo ya wazee.

Naomba uniambie ukweli anti. Limekufa? Nilitupe? Na huyu muuzaji nimfanyeje?

Mama Brayo, Sakina

*

Marahaba Mama Brayo, na pole na safari ya hilo ua.

Kwa unavyolieleza halijafa bado. Lakini naomba usome hii barua leo leo na uinuke ukafanye kazi, usisubiri wikendi, manake kilicholijeruhi ni basi ila kinachotaka kuliua ni kile chungu kikubwa cha samadi. Bua kuvunjika, jani kupasuka, kukaa gizani kwenye boksi siku mbili tatu, hayo yote okidi inayabeba. Mizizi kukosa hewa haibebi.

Nianze na mama mkwe wako, kwa sababu yeye ndo mtu pekee aliyeongea ukweli ndani ya hiyo nyumba. Vanila ni okidi. Sio kwamba zinafanana tu, ni ukoo mmoja kabisa, yale maganda marefu yanayotiwa kwenye keki na aiskrimu ni matunda ya okidi. Huyo mama anayesimama asubuhi kwenye kihamba na kijiti, anachavusha ua moja moja kwa mkono kabla halijasinyaa, ameshika okidi nyingi kuliko mimi na wewe na huyo muuzaji wa Dar tukijumlishwa. Alivyosema umelizika alikuwa hatanii.

Lako linaitwa falenopsisi. Kwao ni misitu ya joto ya Asia, Ufilipino, Indonesia, pande hizo, na huko halioti ardhini. Linaota juu ya mti, limeng'ang'ania gome, na halinyonyi mti wowote, linakaa tu kama mpangaji. Mvua inapita juu ya mizizi, upepo unaikausha, mvua inapita tena. Mzizi wake umevaa ngozi kama sponji, ukiwa mkavu unaonekana wa kijivu au wa fedha, ukishakunywa maji unageuka kijani. Kwa hiyo ile minyoo uliyoikata, mdogo wangu, huenda ndo ilikuwa mizizi mizima kuliko yote. Imeshapita, usiilie, ila itakayotokeza tena iache hewani inapotaka.

Na magome hayakuwa utapeli. Muuzaji nina maneno naye, nitayafikia, lakini kwenye hilo alifanya sawa sawa, magome na mkaa ndo kitanda chake. Kwa hiyo kwanza nenda banda la kuku kayaokote. Sijui kuku wameyafanyaje, yachemshe kwenye sufuria ya zamani robo saa, yamwagie maji masafi mara mbili, yaanike. Yakipungua ongezea mkaa wa kawaida wa kupikia uliovunjwa vipande vya ukubwa wa kucha ya dole gumba, uoshe mpaka maji yaache kuwa meusi. Pale wanapochana mbao za paina utapata magome, mara nyingi wanakupa bure wanakushangaa tu. Makumbi ya nazi nayo yanafaa ukichanganya kidogo, ila yaloweke usiku kucha na umwage yale maji, urudie mara mbili tatu, makumbi ya pwani huwa yana chumvi. Usiende msituni Meru kubandua yale manyoya ya kijani kwenye magogo eti umeona kwenye video, na kijana akikuletea okidi ya porini kwenye mfuko wa rambo usinunue. Okidi zote duniani zipo kwenye orodha za mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya viumbe wa porini kuvuka mipaka, na hizi za kwetu zina maadui wa kutosha, kule nyanda za juu kusini watu wanazichimba viazi vyake vinavushwa Zambia kuliwa, wanaita chikanda, na hapo hapo pembeni ipo Hifadhi ya Kitulo watu wanayoiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua hayo hayo. Haya nimetoka nje ya mada.

Sasa litoe kwenye udongo. Usilivute kwa shingo, pindua chungu, udongo utoke wenyewe, halafu osha mizizi kwenye beseni kwa maji yasiyo baridi sana mpaka uone kila mzizi ulivyo. Hapa usitumie macho, tumia vidole. Bonyeza kila mmoja taratibu. Mzizi mgumu ni mzima, uwe mweupe, wa kijani, hata wa kahawia kwa sababu ya udongo, uache. Mzizi ukibonyea kama tambi iliyolala kwenye maji, au ngozi yake ikavuka ukabaki na kauzi katikati, huo umeoza, kata mpaka ufike pagumu. Wembe mpya, uupitishe kwenye moto wa kiberiti au ufute kwa spiriti kabla ya kuanza na kila ukitoka kwenye sehemu iliyooza, vinginevyo unahamisha ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Mtu akishaanza kukata anapata utamu anakata hata isiyohitaji, jizuie. Siku tisa kwenye samadi yenye maji mara mbili kwa siku zimeleta hasara, sitakudanganya, lakini ukibaki na mizizi mitatu minne migumu tupo pazuri.

Ukimaliza angalia moyo wa mmea, pale katikati majani yanapotokea. Hii ndo sehemu ya kunipa presha mimi, kwa sababu falenopsisi ina ncha moja tu ya kukulia, haina pa kwenda pengine. Pakiwa pagumu na kijani, hata kama jani la juu lina doa, shangilia. Pakiwa peusi, laini, panatoa harufu na jani la katikati likivutwa kidogo linachomoka, basi ule umeoza moyo na hautapanda juu tena. Hata hapo usitupe haraka, mara nyingine mmea ambao mizizi yake ni mizima unasukuma mtoto pembeni chini ya majani, nimeshaona mmoja umekaa miezi kama gogo halafu ukazaa. Ila barua yako hainipi wasiwasi huo. Ninachoomba ni maji yasilale pale katikati kabisa, yakiingia yanyonye na ncha ya tishu, hasa jioni, hasa mwezi huu.

Majani yaliyopasuka hayatapona, jani la okidi halijiungi. Lakini usiyakate yote kwa sababu ya sura! Mmea umepoteza mizizi, unaishi kwa akiba iliyoko kwenye hayo majani. Kata sehemu iliyochanika na kulegea tu, pale kwenye kidonda paka unga wa mdalasini mkavu, ule wa chai, unakausha kidonda na kuzuia ukungu. Mdalasini kwenye mizizi hapana, utaikausha nayo. Jani la chini la njano liache lidondoke lenyewe. Lile doa jeupe la pasi ni jua la Arusha, haliondoki, usihangaike nalo.

Bua sasa. Mwambie Baba Brayo nimemsalimia na kwamba alichofanya ni kitu cha kweli, bua lililokunjika bila kukatika huwa linafungwa vijiti hivyo hivyo na linaweza kuunga, wewe ulimcheka bure. Tatizo ni mgonjwa. Mmea usio na mizizi hauwezi kubeba maua, ni sawa na mtu ametoka kwenye malaria umpe ndoo kichwani. Kwa hiyo kata bua, lote, acha kama vidole viwili kutoka chini. Najua inauma. Yale maua mawili yaweke kwenye glasi ya maji sebuleni, okidi iliyokatwa inakaa vizuri tu hata wiki na zaidi ukibadilisha maji.

Na vitumba vinne? Hapo nadhani muuzaji na basi umewaonea kidogo. Mtikisiko na giza vinachangia ndiyo, kulimwagilia mpaka kuzama kunachangia, lakini nimesoma neno maparachichi nikacheka peke yangu. Parachichi na ndizi zikiiva zinatoa gesi inaitwa ethilini, ndo ile inayofanya ukifungia ndizi mbichi na mbivu kwenye mfuko zote ziive. Kwenye kitumba cha okidi gesi hiyo ni amri ya kudondoka. Njano kwanza, halafu puu. Wewe umelilaza usiku wiki nzima pembeni ya kapu, na msimu wenyewe huu wa maparachichi, sijui hata hayo maua mawili yamesalimikaje. Moshi wa jiko una madhara hayo hayo, kwa hiyo usije ukaingiza jiko la mkaa ndani kulipasha joto ua, na kwa ajili yenu nyie watu ndo usiingize kabisa, kila mwaka baridi likija tunasikia familia zimelala hazikuamka.

Kulipanda, tafuta kopo la plastiki linaloonyesha ndani, hata chupa ya maji ya lita moja na nusu uliyoikata nusu, uitoboe chini na pembeni kwa msumari wa moto. Kopo liwe dogo, mizizi iingie kwa kubanana. Chungu kikubwa kinatunza unyevu na wewe tatizo lako ni unyevu. Baada ya kukata mizizi liache wazi mpaka kesho yake vidonda vikauke, ndo ulipange na magome, ukigonga gonga kopo yashuke, shina lisimame juu ya magome sio ndani yake. Likiyumba lifunge kwenye vijiti vya mishikaki, si vipo.

Usimwagilie siku mbili tatu za kwanza. Baada ya hapo unalitumbukiza kopo kwenye beseni dakika kumi, unalitoa, unaliacha lichuruzike lote. Lini tena? Usiniulize siku, angalia kopo. Mizizi ya ndani ikiwa kijani, iache. Ikiwa ya fedha na kopo jepesi mkononi, loweka. Kwa baridi hili inaweza kuwa siku nane mpaka kumi. Utaona majani yamelegea utatamani kumwagilia, na hapo ndo wengi wanapopotea, majani yanalegea kwa sababu mizizi ya kunywa haipo, maji yapo ila mdomo hamna, sasa ukiongeza maji unaozesha na ule mdomo mdogo uliobaki. Kinachosaidia ni unyevu wa hewani. Lifunike na mfuko mkubwa wa nailoni unaopitisha mwanga, usibane kabisa, na kila siku ufungue kidogo lipate hewa. Maji tumia ya mvua kama una tanki, maji ya upande wetu huu wa Meru yana floraidi nyingi, meno yetu ni mashahidi.

Dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi ndo mahali pake. Jua la moja kwa moja hapana. Usiku lisogeze mbali na kioo, usiku wa Juni na Julai huku unashuka chini ya nyuzi 15 na hilo ua linapenda 18 kwenda juu. Mbolea, samadi, maji ya mchele, maziwa, sijui nini umetumiwa kwenye grupu, hapana, mpaka uone ncha mpya ya mzizi yenye rangi ya kijani kibichi. Inaweza kuchukua miezi miwili, mitatu, na utakuwa unaona hakuna kinachotokea. Maua yenyewe hesabu mwaka, pengine na zaidi. Ila kuna kitu kimoja cha kukufurahisha, falenopsisi likishapona linahitaji wiki kadhaa za usiku wa ubaridi, nyuzi kama 16 mpaka 18, ndo lisukume bua jipya. Wa Dar wanahangaika na hilo mpaka wanawasha eisii. Wewe utafungua dirisha.

Muuzaji. Anasema mzigo ukipanda basi sio wake. Lakini kufunga boksi kulikuwa kwake. Okidi ya kusafiri zaidi ya kilomita mia sita chungu kinabanwa na selotepu kwenye kitako cha boksi kisicheze, bua linafungwa kwenye kijiti, nafasi zote zinajazwa karatasi, boksi linakuwa gumu, na linaandikwa kwa maka peni kubwa kila upande juu ni wapi. Wewe umekuta magome yamemwagika boksi zima, maana yake chungu hakikushikwa na kitu. Kwa hiyo ana sehemu yake. Basi lina yake, gunia la nazi juu ya boksi la maua ni uzembe, lakini pale na ile risiti utazunguka mpaka Krismasi. Na wewe una yako, mzigo ulikaa ofisini siku nzima na usiku, na hukupiga picha mbele yao kabla hujaondoka. Kama ulipiga hata moja nyumbani, mtumie, bila matusi, mwambie nataka nusu ya hela au mche mwingine usio na maua nilipe usafiri mimi. Mche usio na maua unasafiri vizuri zaidi. Muuzaji mwenye akili atakubali, wateja wa okidi huku hawajawa wengi kiasi cha kuwachezea.

Akikurudishia nusu, hiyo ni elfu arobaini na mbili na mia tano, ambayo kwa hesabu anayoijua Baba Brayo ni faida ya elfu saba na mia tano. Hapo utajua mwenyewe unamwelezaje, mimi nipo kwenye maua tu.

Niandikie ukishaosha mizizi, utume na picha yake, na uhesabu iliyobaki migumu ni mingapi. Mama mkwe akija Jumapili mwachie yeye ashike kopo.